Namna ya kwenda kuangalia Hawkeyes pale Kinnick bila kuboeka, hata kama futiboli ya Marekani huijui kabisa

Kama umehamia Iowa City, Coralville, North Liberty au Cedar Rapids, iwe umekuja kusoma au umeletwa na mpango wa wakimbizi au umefuata kazi za viwandani, kuna Jumamosi moja ya mwezi wa tisa utatoka asubuhi kwenda kununua maziwa ukute kila mtu kavaa nyeusi na njano, bibi kizee kavaa, mtoto wa kwenye kigari kavaa, mpaka mbwa kavalishwa. Usishtuke. Ni siku ya Hawkeyes, timu ya futiboli ya Chuo Kikuu cha Iowa, na nakushauri uende uwanjani kwao, Kinnick, angalau mara moja, maana ukiishi huku bila kuelewa hiki kitu nusu ya stori za kazini zitakuwa zinakupita.

Shida yetu tuliokulia kwenye soka ni kwamba tunaenda kule tunasubiri magoli. Tunaona watu wameinama, wamegongana, wameanguka, wamesimama, refa kapuliza, matangazo, wameinama tena. Kuna papa mmoja wa Bukavu alikaa nusu saa nzima kimya afu akageuka akauliza, "Mwanangu, hawa batu banacheza saa ngapi? Miye naona banasimama tu." Nikamwambia papa, hapo wanapanga, hesabu ziko hapo. Hakuniamini, na simlaumu.

Kwa hiyo jambo moja tu nataka ulishike kabla ya mengine yote: pale Kinnick usitafute pointi, tafuta mpira uko wapi. Hii timu imeshashinda mechi zinazokumbukwa mpaka leo bila kufunga hata tachidauni moja, lile bao kubwa la mchezo huu, na watu wake wanajisifia hilo wala hawaoni aibu. Ukijua kusoma mpira umekaa yadi ya ngapi utaenjoi, usipojua utalala na baridi ikukute umelala.

Kwanza kwa nini wamechizika hivi

Iowa haina timu ya kulipwa ya ligi kubwa hata moja. Hakuna ya NFL, ile ligi ya kulipwa ya futiboli, hakuna ya NBA, hakuna ya besiboli kubwa. Ni jimbo la watu milioni 3 na kidogo na nguruwe zaidi ya milioni 20, sitanii, na ukitoka nje ya mji dakika kumi tu ni mahindi na soya mpaka macho yachoke. Sasa mtu wa kijiji cha watu mia nne kule magharibi ya jimbo atashangilia nini? Anashangilia chuo. Hajasoma hapo, wala mtoto wake hajasoma hapo, lakini ni timu yake. Nusu nyingine wako na Iowa State, chuo kingine cha jimbo kilichoko Ames, na kuna nyumba ambazo baba yuko huku mama yuko kule na wiki ya mechi yao wanataniana mpaka wageni mnaona noma.

Chuo chenyewe kimeanzishwa mwezi wa pili 1847, wiki chache tu baada ya Iowa kuwa jimbo, Desemba 1846. Iowa City ndo ilikuwa makao makuu ya jimbo mpaka 1857 serikali ilipohamia Des Moines, ndo maana katikati ya chuo kuna lile jengo la kuba la dhahabu, Old Capitol. Mto Iowa unapita katikati, upande wa mashariki madarasa na mji, upande wa magharibi hospitali na uwanja. Kwa wanaopenda vitabu, huu mji una ile programu ya uandishi tangu 1936 na UNESCO waliupa jina la Mji wa Fasihi 2008, kwa hiyo usishangae mshairi mzima yuko barabarani kachora mwewe shavuni.

Afu kuna stori ya 1985 ambayo lazima uijue. Miaka ile wakulima wa huku walikuwa wanakufa na madeni, bei ya mashamba imeporomoka, riba ziko juu, benki zinanadi mashamba ya mababu. Kocha alikuwa Hayden Fry, Mtexas mmoja aliyesomea saikolojia, mtu wa vituko, ndo huyohuyo aliyeagiza chumba cha kubadilishia nguo cha timu ya wageni pale Kinnick kipakwe rangi ya pinki, na mpaka leo ni pinki mpaka vyooni. Mwaka ule Fry akabandika kwenye helmeti za vijana stika ya duara yenye herufi ANF, yaani Marekani inahitaji wakulima. Timu ikapanda mpaka namba moja nchini, ikakutana na Michigan iliyokuwa namba mbili, palepale Kinnick, Oktoba 1985. Iowa ikashinda 12 kwa 10. Zile pointi 12 zote ni za mguu wa kijana mmoja, Rob Houghtlin, fildigoli nne, yaani mpira wa kupiga upite katikati ya nguzo, pointi 3 kila moja, ya mwisho saa ikiwa inaisha. Tachidauni hakuna. Stika bado ipo kwenye helmeti, iangalie ukifika, iko nyuma pembeni.

Sheria, zile za kutosha tu

Wachezaji 11 kila upande. Uwanja yadi 100, ambayo ni mita 91 na ushee, afu kila mwisho kuna eneo la yadi 10. Ukiingia na mpira humo au ukiudakia humo ni tachidauni, pointi 6, na unapewa nafasi ya kuongeza 1 kwa kupiga mpira katikati ya nguzo au 2 kwa kuuingiza tena kwa mkono. Ukiwa umekaribia lakini umekwama unapiga katikati ya nguzo, hiyo fildigoli, pointi 3.

Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kila jaribio linaitwa dauni. Ukifikisha 10 unahesabiwa upya kuanzia moja. Usipofikisha kwa zote nne, mpira unachukuliwa na wenzako palepale ulipoishia. Ubao mkubwa utakuandikia mfano 3 na 7, maana yake dauni ya tatu na zimebaki yadi saba. Hiyo namba ndo ya kuitolea macho, kuliko matokeo.

Ya mwisho ni sefti. Difensi, yaani timu isiyo na mpira, ikimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake mwenyewe la mwisho, difensi inapata pointi 2, na juu ya hapo inapewa mpira. Kwenye timu nyingine unaweza kuangalia msimu mzima usiione. Iowa wana mapenzi nayo ya ajabu.

Hayo yanatosha, mengine ya mikono ya refa utayajua mbele ya safari. Kuna kota nne za dakika 15 ila saa inasimama simama, kwa hiyo jipange kwa masaa matatu na nusu, kula kabisa.

Panti, hapa ndo pa kukaa vizuri

Sasa dauni ya nne. Umebakiwa na jaribio moja, yadi bado nne, uko mbali na nguzo. Ukijaribu ukashindwa unawapa wenzako mpira karibu na kwenu. Kwa hiyo unaupiga mguu uende mbali kadiri unavyoweza, unawapa mpira kwa hiari yako lakini unawapa wakiwa mbali. Hiyo ndo panti. Sehemu nyingine mashabiki wakiona panti wanaenda kununua soda. Pale Kinnick wanasimama.

Ifikirie kama kuvuta kamba. Kila panti nzuri imekuvutia mwenzio nyuma hatua kadhaa, naye akishindwa kusogea anapiga ya kwake, ila anaipigia kutoka nyuma zaidi, kwa hiyo wewe unaanzia mbele kidogo kuliko mwanzo. Mkirudiana mara tano sita bila mtu kufunga, unakuta upande mmoja umeshakabwa kwenye kona yake, kosa moja tu dogo ni pointi.

Ikija panti, fanya hivi. Acha kumwangalia mpigaji. Mpira unarushwa nyuma katikati ya miguu, unamfikia, anaudondosha na kuupiga kabla haujagusa chini, hiyo utaiona hata kwa pembe ya jicho. Macho yako yaende kwa wale wawili wa Iowa waliosimama pembeni kabisa, kila mmoja upande wake. Wanachomoka kama mwizi kaonwa, mpira uko juu sekunde nne na kitu, na mtu wa upande wa pili amesimama chini yake anaangalia juu, anasikia miguu inakuja, lazima aamue audake au auache. Akiuacha, mpira umechongoka huku na huku, haudundi kama anavyodhani. Umeangukia yadi ya 9, umedunda kushoto, kijana wa Iowa kajirusha kauzuia kwenye yadi ya 3 usiingie eneo la mwisho, maana ukiingia unarudishwa mpaka ya 20. Hapo uwanja wa watu 69,250 unalipuka kana kwamba wamefunga. Na kwa kweli wamekaribia, kwa sababu mwenzao sasa anaanza na mgongo ukutani, na sefti inanukia.

Nikupe ushahidi usije ukasema nakuuzia mbuzi kwenye gunia. Septemba 2022 walicheza na South Dakota State pale Kinnick, wakashinda 7 kwa 3. Ukiona 7 unajua tachidauni na kile kimoja cha nyongeza. Hapana. Ni fildigoli moja na sefti mbili, 3 na 2 na 2. Na hao South Dakota State hawakuwa vibonde, msimu uleule wakabeba ubingwa wa daraja lao.

2004 ndo kali zaidi, ugenini kwa Penn State, 6 kwa 4. Iowa walifunga fildigoli mbili. Penn State walipata sefti mbili, na ya pili Iowa waliwapa kwa makusudi! Kota ya nne, wanaongoza 6 kwa 2, wamebanwa kwao, kocha Kirk Ferentz akaona bora nitoe pointi 2 kuliko nipige panti nikiwa nimeminywa ikazuiwa. Baada ya sefti aliyefungwa ndo anayepiga mpira wa kuanzisha, ila kutoka yadi ya 20 yake, hewa ya kutosha. Akaiachia difensi imalizie. Ikamalizia. Ukielewa kwa nini mtu mwenye akili zake anagawa pointi, basi futiboli ya Iowa umeshaielewa, mengine ni mapambo.

Ferentz ndo kocha mkuu tangu 1999, na stail yake haibadiliki. 2023 mashambulizi yalikuwa mabovu mpaka ikawa kichekesho cha taifa, kocha wa mashambulizi alikuwa mwanae, Brian, na mkataba wake uliandikwa kabisa kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Hawakukaribia, akaondoka. Lakini sikiliza, msimu huohuo walishinda mechi 10. Wamefikaje? Difensi, na Muaustralia mmoja wa Melbourne anaitwa Tory Taylor aliyepiga panti yadi 4,479 kwa msimu mmoja, rekodi ya vyuo iliyokuwa imekaa tangu 1938. Watu walivaa fulana za kusifia panti. Chicago Bears wa NFL wakamchukua raundi ya nne ya uchaguzi wa wachezaji wapya.

Kitu kingine cha kuangalia ni wale wanene watano wa mbele. Iowa haipati mastaa wa Florida na California, inaokota vijana wa mashambani wenye mifupa mikubwa inawalisha na kuwanyanyulisha vyuma miaka mitatu. Tristan Wirfs, mmoja wa wanene hao, katoka Mount Vernon, mji mdogo tu hapo karibu na Cedar Rapids. Na wale wanaoitwa taiti endi, ambao kazi yao nusu ni kusukuma nusu ni kudaka, hapa ni kiwanda: George Kittle, T.J. Hockenson, Sam LaPorta, wote NFL. Cooper DeJean katoka Odebolt, kijiji hasa, na Februari 2025 akiwa na Eagles alinasa mpira wa wapinzani kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, na kwenda kufunga siku yake ya kuzaliwa. Mpira ukianza, jaribu mara mbili tatu usimwangalie mwenye mpira, angalia hao wa mbele nani anarudi nyuma. Ukiona wa njano na nyeusi wanasogea mbele pamoja, jua yadi zinakuja.

Tiketi, nguo, begi

Mara ya kwanza usiende mechi ya Iowa State, Nebraska wala Wisconsin, bei inapaa na wenye hasira ni wengi. (Iowa State wanapokezana nao, mwaka mmoja Ames mwaka unaofuata Kinnick.) Nenda zile za mwanzo wa Septemba dhidi ya timu ndogo. Tiketi zinakaa kwenye simu, kwa hiyo zifungue ukiwa bado una intaneti ya uhakika, maana watu elfu sitini na tisa wakikusanyika mtandao unakwama. Ukinunua kwa mtu baki tumia zile app za kuuziana zinazojulikana, hamna kumtumia mtu hela kwa sababu amekutumia picha ya tiketi, picha haipiti getini. Mwanafunzi ana bei yake na upande wake, huko watu wanasimama mechi nzima, mvaa viatu virefu atajuta.

Begi la kawaida haliingii, ni la plastiki linaloonyesha ndani, saizi ya sentimita 30 kwa 15 kwa 30, au kipochi kidogo cha mkononi. Mama mwenye mkoba mkubwa uache nyumbani kabisa, usije ukarudishwa kwenye gari umepaki kilomita mbili.

Rangi ni nyeusi na njano ile ya dhahabu. Nyekundu usivae, hata kama ndo koti lako pekee zuri, Nebraska, Wisconsin na Iowa State wote wako kwenye familia ya nyekundu, watakuuliza uliza. Mechi moja kwa msimu watatangaza mistari, kila blok ya viti ina rangi yake, angalia kabla hujatoka.

Septemba jua linachoma vibaya, Novemba ni baridi ya kugandisha na mabenchi ni ya chuma. Novemba vaa tabaka, suruali mbili, soksi za sufu, na kikalio cha kukalia. Waliotoka Mombasa au Zanzibar juzi wasijidai.

Kabla ya mechi

Fika masaa matatu kabla. Sio kwa ajili ya foleni tu, kuna tailigeti. Watu wanafungua nyuma ya magari wanachoma nyama kuanzia alfajiri, viwanja vyote vya kupaki na nyumba za Barabara ya Melrose, na pale University Heights, kimji kidogo kilichozungukwa na Iowa City pande zote, wenye nyumba wanakodisha nyasi za mbele ya nyumba zao kwa kupaki. Ni ghali, ila karibu. Usipotaka, paki mbali panda Cambus, mabasi ya chuo, ni bure na madereva wengi ni wanafunzi, ila siku ya mechi njia zinabadilishwa kwa hiyo soma ratiba.

Watu wa Iowa ni wakarimu kwelikweli kwenye tailigeti. Ukipita ukasema "Go Hawks" umeshafungua mlango, utaambiwa njoo ule. Kama huli nguruwe uliza kabla, kwa sababu zile soseji za kuchoma mara nyingi ni nguruwe na mkate wao maarufu wa nyama iliyokaangwa, ile nyama pana kuliko mkate wenyewe, ni nguruwe. Miguu ya bata mzinga inayouzwa Melrose haina nguruwe, ila kama unafuata halali uliza pia imechinjwaje. Usiende mikono mitupu, beba sambusa za nyama ya ng'ombe, na ubebe nyingi, maana ukifungua lile hotpoti majirani wote watakujua na msimu ujao watakuulizia. Bia ni nyingi sana, na kama hujafika miaka 21 usishike kopo hata la kumshikia mtu, polisi wanapita na faini hazina utani, na kwa mwenye makaratasi ya uhamiaji yanayoshughulikiwa sio kesi ya kuitafuta.

Afu zunguka nje ya uwanja. Utakuta sanamu kubwa ya shaba ya Nile Kinnick, kijana wa Adel, Iowa, aliyeshinda Heisman 1939, tuzo kubwa kuliko zote za futiboli ya vyuo. Mwaka ule timu ilikuwa na watu wachache waliocheza mechi nzima bila kutoka, wakawafunga Notre Dame 7 kwa 6, zote saba za Kinnick mwenyewe, tachidauni na kile cha mguu. Alikufa Juni 1943 ndege yake ya jeshi la majini ilipoanguka baharini karibu na Venezuela akiwa kwenye mafunzo, ana miaka 24. Uwanja uliofunguliwa 1929 ukapewa jina lake 1972.

Lakini mimi nikipeleka mgeni nampeleka kwanza kwa Duke Slater. Kuna mchongo wake ukutani, mtu mweusi hana helmeti kichwani, anawasukuma Notre Dame kundi zima, hiyo ni 1921, Iowa walishinda 10 kwa 7. Alipokuwa sekondari Clinton, mchezaji alijinunulia vifaa mwenyewe, baba yake alikuwa mchungaji hela hamna, ikabidi achague viatu au helmeti. Miguu yake ilikuwa mikubwa, akachagua viatu. Akazoea hivyo. Baadaye akawa mweusi wa kwanza kucheza safu ya mbele NFL, akasomea sheria hapahapa Iowa, akawa jaji Chicago. Tangu 2021 eneo lenyewe la kuchezea pale Kinnick linaitwa Duke Slater Field. Kinnick ndo ukuta, Slater ndo ardhi wanayokanyaga, na nadhani wamepatia.

Ukisikia watu wanaongelea nguruwe wa shaba ni mechi ya Minnesota. 1934 mchezaji mweusi wa Iowa, Ozzie Simmons, alipigwa na Minnesota mpaka akatolewa, watu wa Iowa wakaona ni makusudi. 1935 mambo yakachemka, gavana wa Iowa akatoa kauli nzito, gavana wa Minnesota kwa kupoza akampelekea simu ya maandishi: tuwekeane dau la nguruwe. Minnesota wakashinda, na gavana wa Iowa akampeleka nguruwe mzima mzima, hai, mpaka ofisini kwa mwenzake. Anaitwa Floyd of Rosedale. Sasa hivi wanagombania sanamu yake, kilo arobaini na kitu, na wakishinda vijana wanakimbilia kuibeba kama mtoto.

Ukiwa ndani

Vijana wa Iowa wanaingia wameshikana mikono, polepole, kundi zima. Usikae.

Kelele zina adabu zake. Iowa wakiwa na mpira watu wananyamaza, kwa sababu kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, anahitaji wenzake wamsikie. Wapinzani wakiwa na mpira, hasa dauni ya tatu, piga kelele mpaka koo likauke. Tukizoea soka tunafanya kinyume, timu yetu ikishambulia ndo tunapiga vuvuzela, na hapo watu wa mbele watageuka wakuangalie.

Kota ya kwanza ikiisha, usiende chooni. Tafadhali. Ng'ambo ya barabara kuna hospitali ya watoto ya chuo, ghorofa ndefu ya vioo iliyofunguliwa 2017, na ghorofa ya juu kabisa watoto wagonjwa na wazazi wao wanaangalia mechi. Watu wote uwanjani, mashabiki wa wageni wakiwemo, wachezaji, makocha, marefa, wanageuka kuwapungia mkono, na wale watoto wanapunga kutoka madirishani. Dakika moja na kitu tu. Ilianza mwaka uleule wa 2017, wazo la shabiki wa kawaida. Ukiwa umekaa mahali unapoona vioo vizuri utaona mkono mdogo na mrija wa dripu pembeni yake. Wanaume wazima na ndevu zao wanafuta macho, hamna anayecheka.

Kota ya pili na ya tatu tumia zile mbinu za panti. Jiulize kila mara: mpira uko yadi ya ngapi, na nani anaanzia mbali zaidi sasa hivi kuliko alivyoanza? Ukiweza kujibu bila kuangalia ubao, umeshaingia.

Walioko nyumbani Afrika

Mechi zinaonyeshwa na Fox, CBS, NBC na chaneli ya Big Ten, ligi ambayo tangu 2024 ina timu 18. Mechi ya saa tano asubuhi ya Iowa ni saa moja usiku Dar na Nairobi mpaka mwisho wa Oktoba, afu Marekani wakirudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba inakuwa saa mbili usiku. Ya saa nane na nusu mchana inaangukia saa nne na nusu usiku. Za usiku wa huku ni alfajiri huko, labda uwe mlinzi.

Kutoka

Mechi ikiisha Melrose yote ni watu na magari hayatembei. Mkubaliane mapema pa kukutania, sio "nje ya geti" maana mageti ni mengi, chagueni kitu kimoja, mfano sanamu ya Kinnick, kwa kuwa simu hazitashika. Msikimbilie gari. Vukeni daraja kwa miguu mwende mjini kati, kuna mtaa wa kutembea kwa miguu na duka la vitabu la Prairie Lights, mkae lisaa limoja na nusu mle kitu cha moto. Wa Cedar Rapids wasipande I-380 mapema, imeziba. Na kama mmepaki kwenye nyasi za mtu, muulizeni asubuhi kabisa mwisho saa ngapi, wengine wanataka uwanja wao kabla ya giza.